Geti Moja, Mifuko Miwili

Tuelewane mapema, jirani. Ukinikuta hapa kibandani usiniite mtu wa serikali. Hasa ukiwa unataka nikununulie chai. Ni kweli asubuhi natoka nimevaa reflekta ya kaunti. Ni kweli nina kile kimashine cha kutoa risiti. Ni kweli wenye mikokoteni wakiniona huanza kutafuta njia nyingine. Lakini mwisho wa mwezi ukifika, serikali hainijui. Hainijui kabisa! Inauliza huyu ni nani na nani alimwambia aje.

Mimi ni kibarua. Nakusanya ushuru kwenye soko moja la kaunti moja. Siitaji, maana wakubwa wa kaunti hiyo nao hula mandazi hapa. Getini tuko wawili. Mwenzangu ni pamanenti, ajira ya kudumu na pensheni. Barua yake iko kwenye faili, faili iko kwenye kabati, kabati lina kufuli. Langu jina liko kwenye daftari la vibarua, na daftari lenyewe limepoteza jalada.

Sasa sikiza kazi. Gunia la viazi likifika, Pamanenti anatoza. La pili likifika, natoza mimi. Bei ile ile. Jua lile lile. Matusi ya madereva wa lori tunagawana, ingawa nikihesabu vizuri naona mimi hupunjwa upande wa kupumzika nikaongezwa upande wa kutukanwa. Jioni tukifunga hesabu, pesa nilizokusanya na alizokusanya zinaingia akaunti moja ya kaunti. Sijawahi kusikia akaunti ikilia kwamba hizi ni za kibarua, ziondoeni.

Mwisho wa mwezi sasa. Pamanenti anapata mshahara. Anapata marupurupu ya nyumba. Anapata ya usafiri. Ana bima. Akienda likizo analipwa akiwa amelala kwao anakula mahindi ya kuchoma. Mimi nalipwa siku niliyoonekana. Siku nisiyoonekana sikuzaliwa. Kiasi chenyewe sikitaji kwa sababu mke wangu husoma gazeti. Jua tu kwamba changu ukikirudia mara mbili bado hujamfikia yeye, na yeye ndiye hulalamika!

Tena hunilalamikia mimi. "Baba Junia, huu mshahara haufiki tarehe kumi, jameni." Nami nampa pole. Nampa pole na moyo wangu wote. Juzi nikamkopesha nauli.

Soko letu lina geti la nyuma, la mifugo. Hilo ni langu siku za mnada. Pamanenti hawezi kusimama huko, ana mzio wa vumbi, na mzio wake umeandikwa na daktari wa bima. Mimi mzio wangu haujulikani kwa sababu sina daktari. Basi huwa niko kule na mbuzi. Mbuzi mmoja alinilia karatasi ya risiti, roli nzima, huku mwenye mbuzi akiniuliza mbona bei imepanda. Nikakatwa ile roli. Nikauliza kama Pamanenti angekatwa. Nikaambiwa Pamanenti hana mbuzi.

Chai ya saa nne, usiniulize. Hiyo ni ya wenye kadi ya kazi. Birika hunipita usoni likienda ndani. Harufu hupewa wote.

Kuna pahali pamoja tu ambapo mimi na Pamanenti tuko sawasawa, sawasawa kabisa. Michango. Mamake mtu wa ofisini akiaga dunia, ujumbe unaingia kwenye grupu la WhatsApp: kila mfanyakazi 500. Nilijikakamua siku moja nikauliza kama vibarua wana kiwango chao. Grupu likanyamaza. Watu wote walikuwa wamesoma, zile alama mbili za bluu naziona. Mwishowe mtu wa akaunti akaandika, "Sisi hapa ni familia moja." Nikatuma. Nilituma kwa mkopo wa Fuliza. Siku ya mazishi familia moja ikapanda basi la kaunti, na vibarua tukaelezwa kwa heshima kwamba basi limejaa.

Nyumbani nako ni moto wa peke yake. Mama mkwe ametangazia kanisa zima kwamba mkwe wake yuko kaunti. Akisema "kaunti" anainua kidevu. Kila wikendi ninapokea vyeti vya wapwa wa mke wangu, vimekunjwa ndani ya bahasha za kaki, niwaingize. Niwaingize wapi na mimi mwenyewe niko mlangoni? Mmoja ana digrii. Mimi nina cheti cha kidato cha nne chenye doa la uji. Nilimwambia mama mkwe kwamba mambo yanashughulikiwa. Akanichinjia jogoo. Nikala, nifanyeje?

Kisha nikataka mkopo. Niliingia Sacco nimechomekea shati. Yule dada akaomba hati ya mshahara, hata moja tu. Sina. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya daftari la vibarua niliyopiga wakati supavaiza ameenda choo. Akaivuta picha ikawa kubwa. Akaivuta tena. Akaniuliza mbona jina langu limeandikwa kwa penseli.

Lakini kinachonimaliza ni wale wapya. Kaunti ikitangaza nafasi, mimi huomba. Nimefotokopi vyeti mpaka kijana wa saiba akinifungulia mlango anaanza kuwasha mashine kabla sijasalimia. Siitwi. Anaitwa kijana wa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Anaripoti Jumatatu, pamanenti tangu saa mbili asubuhi. Supavaiza ananiita. "Baba Junia, wewe una uzoefu, mwonyeshe kazi." Nami, jirani, hufurahi! Kifua hujaa! Namwonyesha kimashine, pale kinapokwama na jinsi ya kukipiga kofi. Namwonyesha gunia la lumbesa lililofungwa ujanja. Namwonyesha mama gani huapa amelipia geti la mbele na hajalifikia geti la mbele tangu krismasi. Mwezi ukiisha mwanafunzi analipwa mshahara wa mwalimu. Mwalimu analipwa wa mwanafunzi, tena yule aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Hata hivyo nilikuwa naona ofisi inanipenda. Sababu? Kila baada ya miezi mitatu walikuwa wananipumzisha. Supavaiza ananiita pembeni, anashusha sauti: "Mzee, umechoka. Nenda nyumbani siku chache, halafu uje tukuandike upya." Bila malipo, ndiyo, lakini ni nani siku hizi anayekuambia umechoka? Mke wangu hajawahi. Nilikuwa nikirudi nampelekea supavaiza kuku. Kuku wa kienyeji, aliye hai, nimemfunga miguu.

Mpaka hapo sina neno. Aliyenivurugia amani ni huyu jirani yetu Ticha.

Ticha unamjua. Yule wa chumba cha tatu, mwenye sufuria ya kazi zote. Alikuwa mmoja wa wale walimu vibarua wa JSS, sekondari ya chini, wale 46,000. Ana digrii ya Historia na Dini. Shuleni akapewa Sayansi Jumuishi, Kilimo, na kipenga cha michezo. Darasa la jirani kuna mwalimu wa kudumu, ratiba yake inafanana na ya Ticha, watoto ni wale wale, chaki ni ile ile. Malipo kwa makaratasi yalikuwa 20,000. NSSF ya uzeeni ikachukua 1,200. SHIF ya matibabu ilipoingia Oktoba 2024 ikabeba 550. Tozo ya nyumba za bei nafuu ikabeba 300, na hapo Ticha ndiye anayemkimbia landilodi. Kilichobaki ndicho watu wote walikuwa wakikiita "ile 17,000". Na kabla hujapata huo uanagenzi, maana ndivyo kibarua chao kilivyoitwa, ulitakiwa uwe umejinunulia bima ya ajali. Wewe mwenyewe. Ikitokea umeangukiwa na ubao kazini, umejipanga.

Sasa Ticha husoma. Mimi nilidhani husoma kwa sababu hana televisheni. Kumbe anasoma sheria! Jioni moja ananikuta hapa nasifia mapumziko yangu. Akaniuliza, "Baba Junia, unajua Kifungu cha 41 cha Katiba?" Nikamwambia mimi ni mtu wa ushuru, vifungu naachia wenye miwani. Akasema hicho kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa haki kazini na kulipwa ujira wa haki. Kila mfanyakazi, hakikusema wenye kabati. Akasema tena Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamwamuru mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. 2007! Mwaka huo mimi nilikuwa bado na nywele.

Nikamwambia hiyo lazima ni ya watu wa Nairobi.

Akaendelea. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo. Kibarua akifululiza siku za kazi zikafika mwezi mzima, au akiwa anafanya kazi ambayo huwezi kutarajia iishe ndani ya miezi mitatu, sheria haimhesabu tena mtu wa kulipwa kwa siku. Inamhesabu wa mwezi. Akiendelea miezi miwili na zaidi, anaanza kustahili masharti ambayo angepata lau asingeanza kama kibarua. Ticha akaniuliza, "Ushuru wa soko unatarajiwa kuisha lini?"

Nikamjibu kwa ukweli kwamba sisi tunajitahidi kumaliza.

Ticha alicheka chai ikamtokea puani. Mama wa kibanda akaleta kitambaa. Alipopata pumzi akanieleza yale mapumziko. Kwamba zile siku chache ni makasi. Zinakata hesabu, ili mtu akiuliza ionekane sijafululiza, nimekuja leo, mgeni, sijulikani. Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha nikamuuliza kama sheria inasema lolote kuhusu kuku. Kama mtu anaweza kuwadai.

Tangu hapo silali vizuri. Zamani nilikuwa silipwi vizuri lakini nalala.

Na Ticha akishaanza hanyamazi. Ati Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya wa mahakama ya ajira aliamua kwamba kuwachukua walimu waliohitimu na wenye leseni ukawaita wanagenzi ni kukiuka haki yao. Nikapiga makofi. Nikamuuliza, basi kesho yake mkalipwa? Akanitazama kwa huruma. TSC, tume inayowaajiri walimu, ilikata rufaa. Walimu wakagoma. Watoto wakakaa madarasani wakifundishana umbea. Wale 46,000 walikuja kupewa ajira ya kudumu Januari 2025. Nikapiga makofi tena. Ticha akanishika mkono nisimalize. Januari hiyo hiyo wakaingia wengine 20,000, kwa uanagenzi ule ule. Yaani kiti hakijapoa.

Akaniletea na ya madaktari. Madaktari wanagenzi, mkataba wa 2017 ulisema walipwe 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema ina 70,000. Madaktari wakagoma kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8. Ukweli wangu ni huu: nilitafuta huruma nikaikosa. Hizo 70,000 mimi ningezichukua na koti lao nikawafulia. Ticha akaniuliza, "Usiku ule Junia alipobanwa na kifua, nani aliwapokea hospitali?" Kijana mdogo, macho mekundu, anatembea anasinzia. "Huyo ndiye mwanagenzi. Dawa aliyoandika ilifanya kazi nusu?" Ilifanya kazi yote. Junia saa hii yuko huko nje anavunja kioo cha mtu.

Na wale wa UHC, mpango wa afya kwa wote, manesi na maafisa wa kliniki walioajiriwa kwa kandarasi 2020, wakati wa korona, wakati sisi wengine tunaogopa hata kushika sarafu. Mwaka 2025 walikuwa wanalala nje ya Jumba la Afya kule Nairobi wakidai masharti ya kudumu na marupurupu yao ya kumaliza mkataba. Korona iliondoka ikawaacha kwenye kandarasi.

Nikaona wacha nipeleke akili hizi ofisini. Kwa upole. Nilimwendea mtu wa akaunti, yule wa familia moja. Nikamuuliza kwa nini mimi na Pamanenti hatulipwi sawa na geti ni moja. Alinieleza vizuri, sitamsema. Akasema kuna kanuni za fedha za 2015, mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato yake. Watu wa kudumu wakiongezwa, asilimia inafura, Nairobi inakasirika. Nikaelewa. Halafu nikaacha kuelewa. Nikamuuliza, "Sasa mimi niko kwenye hiyo 35 au niko kwenye ile 65 pamoja na dizeli?" Akasema hilo ni swali zuri sana. Akaenda lanchi.

Na hayo mapato, jirani, si ndiyo nayakusanya mimi? Asilimia 35 ya nini? Ya vitu nilivyotoza kwa mikono yangu nikiwa na mbuzi! Lakini hilo nililifikiria nikiwa tayari kwenye matatu. Mimi majibu yangu mazuri yote hunijia nikiwa kwenye matatu.

Ticha akaniambia tusikate tamaa, tuangalie nje. India, Oktoba 2016, kesi ya jimbo la Punjab. Mahakama ya Juu kule ilisema mfanyakazi wa muda wa serikali anayefanya kazi ile ile ya wa kudumu alipwe angalau kile kiwango cha chini kabisa cha ngazi ya mshahara wao. Kile cha chini kabisa! Jirani, mimi hata cha katikati sikukitaka. Cha chini ndicho ninachokiota. Nikamuuliza Punjab ni mbali? Akasema watoza ushuru wako tele huko. Akasema tena Afrika Kusini tangu 2015, mwenye mkataba wa muda akipita miezi mitatu, na mshahara wake si ule mnono, haruhusiwi kutendewa vibaya kuliko wa kudumu wa kazi hiyo hiyo, isipokuwa kuna sababu ya maana. Miezi mitatu. Nikahesabu kuku niliompelekea supavaiza tangu nianze. Nikaacha kuhesabu, nilikuwa naharibu ugali.

Basi tukapanga. Ticha alinifundisha hapa hapa, benchi hili, jioni baada ya jioni. Yeye alikuwa supavaiza, mimi nilikuwa mimi. "Kifungu cha 5!" "Ujira sawa!" "Cha 37!" "Siku zinafululiza!" "Cha 41!" "Kila mfanyakazi!" Mama wa kibanda akawa anavijua kunishinda. Wateja wake wakikopa chapati siku hizi anawatajia Katiba.

Ijumaa nikaitwa. Naingia ofisini, kumbe supavaiza wa zamani amehamishwa. Kwenye kiti ni nani? Kijana wa shati jipya. Yule yule niliyemfundisha kupiga kimashine kofi. Amepandishwa. Shati ni jingine, na hilo nalo jipya.

"Mzee wangu," akasema, akainuka hata akanipa mkono, ana adabu yule mtoto, "miezi mitatu imeisha. Nenda upumzike kidogo, halafu tutakuandika upya."

Nikavuta pumzi. Vifungu vyote vilikuwa vimepanga foleni kwenye ulimi. Cha 5 kilikuwa mbele. Nikafungua mdomo.

"Asante, bosi," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Nikashika mlango. Akaniita tena nikadhani amebadilisha nia.

"Mzee, ile ya harusi yangu umeiona kwenye grupu? Kamati imesema 2,000 kila mtu."

Nikamuuliza kama kuna kiwango cha walio mapumzikoni. Akaweka mkono kifuani, uso umejaa huzuni ya kweli, akaniambia yeye hawezi kubagua wafanyakazi wenzake.